Uzi Usioshika

Sanduku la baba lilitoka karakana ya reli,
zito kama deni la mazishi.
Ndani yake robo tatu, tano kwa nane, nusu inchi,
kila spana imelala mahali pake kwenye gunia la grisi,
na Zablon Oduor alizijua gizani, kwa kidole gumba,
kama mtu ajuavyo meno yake.
"Chuma cha Mwingereza," alisema, "hakina haraka ya kufa."
Alisema hivyo hata reli ilipoota nyasi.
Kisha tukasikia ipo reli nyingine, pana zaidi,
inakuja Kisumu,
na kwamba imeishia njiani, huko Bonde la Ufa,
ikiitazama ya zamani,
wala hakuna behewa la kukanyaga zote mbili.
Baba alicheka mpaka akakohoa.

Mimi nimerithi sanduku na kibanda,
Kibuye, safu ya nyuma, karibu na wauza ndoo.
Wateja wangu wana dini nyingi za chuma.
Mwalimu Apondi hagusi kisichoandikwa Japani;
huipindua pampu juu chini kutafuta maandishi
kama mama anayekagua shingo ya mtoto.
Wiklifu, jirani yangu wa kuchaji simu, humcheka:
"Mchina ndiye aliyenipa redio na taa.
Wewe ngoja Mjapani akupunguzie bei."
Na redio hiyo hiyo inatuhimiza
tununue cha nyumbani.
Nilinunua. Toroli, yenye bendera ubavuni.
Nilipoifungua, bolti zilitoka Ludhiana,
gurudumu Guangzhou.
Kutu peke yake ndiyo iliyozaliwa hapa.

Mwezi wa nne akaja Dalmas Ogutu wa Ahero,
pampu ndani ya gunia, bomba begani.
Pampu ya Mhindi, inahesabu kwa inchi.
Bomba la msaada, linahesabu kwa milimita.
"Vimekataana," akasema,
kama aletaye wana wawili mbele ya chifu.

Nikajaribu kumi na tatu kwenye nusu inchi.
Kila fundi amewahi. Inakaa. Inakudanganya
robo mzunguko, halafu inateleza,
na pembe sita za nati zinageuka duara.
Uzi wa bomba nao
ulishika mizunguko miwili,
wa tatu kwa shingo upande,
wa nne ukalia.

Nikakodi mashine ya Imbuga, saa mbili,
nikachonga kiungo cha shaba,
ndani inchi, nje milimita,
kidogo, chatosha kiganjani.
Sikuandika kipimo. Nilikwenda kwa jicho, kwa kucha,
kwa sauti ya chuma kinapokubali.
Baba alikigeuzageuza.
"Hiki ni cha nani?"
"Cha Dalmas."
"Sikuuliza hivyo. Cha nchi gani?"
Nikafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko haja.

Mwezi wa sita wakaja wanne kutoka Ahero,
wamefuata barabara na sifa.
"Tunataka kama kile."
Nikachonga. Kikapwaya.
Nikachonga kingine, kikakwama,
na shaba, siku hizi, hununuliwi kwa salamu.
"Nileteeni kile cha kwanza," nikasema, "nikipime."
Wakatazamana.
"Kile? Kile kiko kazini.
Ukikitoa leo, mpunga unaanguka."

Nikachukua chaki.
Kwenye mabati, chini ya jina la baba,
nikaandika KIUNGO, nikaweka nukta mbili,
mkono ukasimama.
"Inchi," alisema baba kutoka kwenye kigoda.
"Mili," alisema Wiklifu bila kuinua kichwa.
Wa Ahero, yule mfupi, mwenye tope mpaka magotini,
akalitazama jua, akanitazama mimi.
"Andika yoyote, mama," akasema.
"Lakini uandike."